Kiangazi hiki, mfungulie mbwa wako mlango

Saa 12 asubuhi, kabla malori hayajaanza kuunguruma kwenye foleni ya mpakani, mbwa wengi wa wafanyabiashara hurudishwa vibandani. Usiku kucha wamelinda maghala ya mitumba, mchele, vitenge na saruji. Asubuhi komeo linafungwa, na humo ndimo wanamoshinda mpaka jua lizame. Mwenye mbwa anakwenda kuhangaikia mzigo wake, na mbwa anabaki chini ya bati linalochemka, akihema, sufuria yake ya maji ikiwa imekauka tangu saa 4.

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Mbwa wangu anaitwa Askari. Ni mbwa wa kienyeji, rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala. Nilimchukua akiwa mdogo, baada ya wezi kuvunja stoo yangu na kuondoka na marobota mawili ya nguo. Kwa zaidi ya mwaka mzima kazi yake ilikuwa moja tu: kubweka usiku. Hakuwahi kutoka nje ya lango pamoja nami. Hakumjua mtu isipokuwa mimi, mke wangu na kijana anayempa ugali.

Siku moja ya mwezi wa pili, joto likiwa limepita kiasi, komeo halikufungwa vizuri. Askari akatoka. Kijana wa mkokoteni, mtu aliyekuwa akituletea mzigo kila wiki, akaumwa mguuni. Nilipoulizwa kama mbwa amechanjwa, sikuwa na jibu la kutoa mbele za watu. Kila mwezi nilikuwa nikisema nitampeleka, na kila mwezi biashara ilinizidi.

Tulimwosha yule kijana kidonda kwa sabuni na maji mengi, tukampeleka hospitali, akaanzishiwa sindano. Gharama ilikuwa juu yangu, kama ilivyo haki. Daktari wa mifugo naye akaagiza Askari afungwe peke yake na kuangaliwa kwa siku 10. Sababu yake ni hii: mbwa mwenye kichaa ambaye mate yake yameanza kuambukiza huonyesha dalili na kufa ndani ya muda huo. Akibaki mzima siku 10 zikaisha, basi siku ile alipouma hakuwa akiambukiza.

Sijawahi kuhesabu siku namna ile, hata nilipokuwa na mzigo uliokwama bandarini. Kila alfajiri nilikwenda kumtazama Askari kabla sijanawa uso. Yule kijana naye alikuwa akipita, anasimama mbali na kuuliza, "Mzee, amekula?" Namjibu, "Amekula, mwanangu." Basi anasukuma mkokoteni wake na kwenda zake, nami nabaki na aibu yangu.

Siku ya 10 Askari alikuwa mzima, anatikisa mkia. Daktari wa mifugo alimchanja, kisha akanieleza jambo ambalo sikulitegemea. Mbwa huyu si mkali, alisema. Ni mwoga, kwa kuwa hajaiona dunia. Kila mtu kwake ni mwizi. Akaniambia nimtoe, nimtembeze, nimzoeshe watu na sauti za mji.

Makala haya yanatokana na matembezi hayo. Ndugu mfanyabiashara, kiangazi ndicho kipindi ambacho njia hazina matope, watoto wako likizo na wengi wetu tunapata Jumapili moja mbili za kupumua. Kwa watu wa pwani, joto kali huja na upepo wa kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi. Kwa watu wa Rwanda na Burundi, kiangazi kirefu ni Juni mpaka Agosti. Popote ulipo, mbwa wako anaweza kupata sehemu yake ya likizo, nawe ukarudi nyumbani na mlinzi bora kuliko yule uliyeondoka naye.

Kwanza chanjo, kisha safari

Usimtoe mbwa asiyechanjwa. Kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa kufika 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote, yaani asilimia 99, huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ni nadra mno mtu kupona. Lakini ugonjwa huu unazuilika kabisa. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifika umri wa miezi 3, kisha chanjo hurudiwa kama daktari anavyoelekeza, kwa kawaida kila mwaka. Tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur, mtu wa kwanza kutengeneza chanjo ya ugonjwa huu, huadhimishwa duniani kote kuwa siku ya kupambana na kichaa cha mbwa, na sehemu nyingi chanjo hutolewa bure wakati huo. Ulizia kwa ofisi ya mifugo ya eneo lako.

Sisi watu wa mpakani jambo hili linatuhusu kuliko wengine, maana virusi havipangi foleni ya uhamiaji. Wataalamu husema kwamba mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kisiwani Pemba chanjo iliukomesha. Ukarudi mwaka 2016, wakachanja tena, ukatoweka tena. Kama kisiwa kilichozungukwa na bahari kiliingiliwa, sembuse mji ambao upande mmoja wa barabara ni nchi moja na upande wa pili ni nchi nyingine?

Mtu akiumwa, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Pilipili, mafuta ya taa na majani ya dawa si tiba ya kidonda hicho.

Matembezi ya asubuhi

Si lazima uende mbali. Safari ya kwanza ya Askari ilikuwa kutoka stoo mpaka kituo cha bodaboda na kurudi, dakika 20. Alitetemeka. Pikipiki ikipiga honi, analala chini. Sikumvuta wala sikumpiga. Nilisimama, nikampa kipande cha dagaa, tukaendelea. Baada ya wiki mbili honi zilikuwa kwake kama upepo. Baada ya mwezi alipita katikati ya soko bila kumgusa mtu.

Unachohitaji ni mkanda wa shingoni usiombana (vidole viwili vipite kati ya mkanda na shingo) na kamba imara ya kama mita 2. Kamba ya katani inatosha, lakini funga kitambaa mahali unaposhika, la sivyo itakuchuna kiganja. Mwanzo epuka mnyororo wa chuma: juani hupata moto, na mbwa mwoga akiruka unaweza kumwumiza.

Toka kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Mpe mbwa nafasi ya kunusa. Kwetu sisi kunusa majani huonekana kupoteza muda, lakini kwa mbwa ni kama kwako kusoma bei za asubuhi: anajua nani amepita, lini, na alielekea wapi. Mbwa aliyenusa kwa nusu saa huchoka vizuri kuliko aliyevutwa mbio kwa saa nzima.

Wala usidhani matembezi ni ya mbwa wa kizungu pekee. Mbwa wetu wa kienyeji wamezaliwa kwa kazi hii. Wale wa msitu wa Kongo, wanaojulikana duniani kwa jina la basenji, hawabweki kama mbwa wengine, na wawindaji wamekuwa wakiwafunga njuga shingoni ili wajue walipo vichakani. Kinyume chake, mbwa wa pua fupi na wale wenye manyoya mazito walioletwa kutoka nchi za baridi huteseka sana katika joto letu. Kama unaye wa namna hiyo, fupisha safari na ongeza maji.

Kila mpaka na mahali pake

Anayepita Nairobi kuchukua mzigo ana bahati ya kuwa na msitu wa Karura, zaidi ya hekta 1,000 za miti, mto na njia za miguu ndani ya jiji, msitu ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwaka 1999 usigawanywe viwanja. Mbwa wanaruhusiwa kuingia wakiwa kwenye kamba, na mwenye mbwa anatakiwa kuokota kinyesi chake. Chukua mifuko miwili ya karatasi uweke mfukoni, kwa kuwa ile ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya tangu 2017.

Kwa wanaopita Katuna, kati ya Uganda na Rwanda, Ziwa Bunyonyi liko jirani na Kabale. Liko juu milimani, hewa yake ni ya baridi, visiwa vyake 29 vinapendeza macho, na sifa yake kubwa kwa mwenye mbwa ni kwamba halina mamba wala viboko. Mbwa anaweza kuogelea. Angalizo ni moja: kina chake huanza karibu sana na ukingo, basi mfunge kamba ndefu ili uweze kumvuta akichoka.

Rubavu na Goma wana Ziwa Kivu, nalo halina mamba. Fukwe zake asubuhi ni mahali pazuri pa kumkimbiza mbwa. Lakini wenyeji wanajua neno ambalo mgeni inampasa alijue: mazuku. Ni hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini kwenye eneo hilo la volkano. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutulia kwenye mashimo na mabonde madogo, hasa usiku na alfajiri upepo unapotulia. Haionekani. Binadamu aliyesimama anaweza asidhurike, lakini mbwa, ambaye pua yake iko chini, huanguka kwanza. Usimwachie aingie kwenye mashimo ya mawe ya lava, na ukiona ndege au wadudu wamekufa mahali pa chini, geuka. Mbwa akianguka humo, usimfuate kwa kuinama. Watu wamepoteza maisha kwa namna hiyo.

Ziwa Victoria ni habari nyingine. Kwa sisi wa Busia, Mutukula, Mwanza, Kisumu na Entebbe ndilo lililo karibu, na kila mtoto hutaka kwenda kuoga. Ufukweni unaweza kutembea na mbwa, lakini usimtupie fimbo majini mahali usipopajua. Mamba wapo, viboko wapo, na kwenye maji yaliyotulia yenye majani kuna konokono wanaoeneza kichocho, ambacho kitakupata wewe unayeingia kumfuata. Waulize wavuvi, wao ndio wanaojua mamba ameonekana wapi wiki hii. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Walisahau kumtaja mamba.

Pwani, kuanzia Tanga kupita Lunga Lunga na Horohoro hadi Diani, mchanga wa asubuhi maji yakiwa yamekupwa ndio uwanja bora kuliko yote. Mchanga uliolowa haumchomi nyayo, na mbwa hukimbia mpaka ulimi unaning'inia. Mzuie asinywe maji ya chumvi, yatamharisha na kumkausha. Mzuie pia kwenye matumbawe makali yanayokata nyayo. Mkifika nyumbani, mwoshe kwa maji baridi ili chumvi isimwashe ngozi.

Mbwa na heshima ya watu

Pwani na katika miji mingi yetu, kuna jambo ambalo mwenye mbwa hawezi kulipuuza. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Mtu aliyetawadha anakwenda kuswali, mbwa wako akimrukia kwa furaha, umemtaabisha. Kwa hiyo mbwa awe kwenye kamba karibu na watu, asipite karibu na msikiti, asinywe kwenye ndoo za umma. Beba bakuli lake mwenyewe.

Hilo si kusema kwamba dini inafundisha ukatili. Yapo mapokeo mashuhuri kuhusu mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa sababu alimteremkia mbwa mwenye kiu kisimani akamchotea maji kwa kiatu chake. Majirani zangu Waislamu hawamgusi Askari, lakini wao ndio walioniambia siku ile sufuria yake imekauka. Husemwa mcheza na mbwa huingia naye msikitini. Basi tucheze naye, lakini tujue mlango wa kuishia.

Mbugani asiende

Kosa wanalofanya wengi ni kudhani kwamba mbwa ataingia katika hifadhi za taifa kama abiria mwingine. Haruhusiwi. Sababu yake ni zaidi ya kuogopa ataliwa. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi unaowapata mbwa uliingia Serengeti na kuua simba wanaokadiriwa kufika 1,000, karibu theluthi moja ya simba wote wa eneo lile. Mbwa mmoja asiyechanjwa anaweza kuleta hasara ambayo hakuna mtu wa kuilipa. Chanjo ya ugonjwa huo ipo, na mara nyingi hutolewa pamoja na nyingine za utotoni. Iulizie.

Hata nje ya hifadhi, kama uko upande wa Namanga na Longido ambako wanyama hupita huru, usitembee na mbwa vichakani jioni. Chui hupenda sana nyama ya mbwa. Na ukitoka sehemu zenye mbung'o, mwangalie siku zinazofuata: mbwa hupata nagana kama ng'ombe, na moja ya dalili zake ni macho kuwa na ukungu.

Jua halina urafiki

Mbwa hatoi jasho kama sisi. Anapoza mwili kwa kuhema na ulimi nje, na kidogo kwa nyayo. Joto la mwili wake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Likipita 41, maisha yake yako hatarini. Kabla hujamtoa kwenye lami, weka mgongo wa mkono wako barabarani uhesabu mpaka 7. Ukishindwa kuuacha hapo, naye nyayo zake haziwezi.

Usimwache ndani ya gari wakati unagonga mihuri. Hili ni kwetu hasa. Tunasema, "Ni dakika 10 tu." Katika dakika hizo 10, joto ndani ya gari lililofungwa juani linaweza kupanda kwa nyuzi 10 hivi, na sote tunajua dakika 10 za mpakani huwa ngapi. Kufungua kioo kidogo hakusaidii. Awepo mtu wa kubaki naye kivulini, au asisafiri.

Dalili za kuzidiwa na joto ni kuhema bila kutulia, mate mazito, fizi nyekundu sana, kuyumba na kutapika. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, mpe maji kidogo kidogo, kisha kwa daktari. Usimfunike taulo lenye maji ukaliacha juu yake, maana huzuia joto kutoka.

Mbwa wa kilo 20 huhitaji kama lita 1 ya maji katika siku ya kawaida. Safarini wakati wa kiangazi beba zaidi. Chakula chake kiwe ugali na dagaa, au mchele na nyama isiyo na viungo. Vitu tunavyokula sisi matembezini ndivyo vinavyomdhuru: mifupa iliyopikwa ya kuku au nyama choma, ambayo huvunjika na kutoboa utumbo, kitunguu cha kachumbari, chokoleti, bia, na zaidi ya yote gunzi la mahindi ya kuchoma. Watoto hulitupa, mbwa hulimeza, nalo hukwama tumboni mpaka apasuliwe.

Mkirudi, mkague kupe: ndani ya masikio, katikati ya vidole, kwenye makwapa. Mng'oe kupe kwa kumvuta taratibu na moja kwa moja. Mbwa akikataa kula, fizi zikapauka au mkojo ukawa mweusi, usingoje. Wala usimwogeshe kwa dawa ya ng'ombe kwa kukisia kipimo. Wapo waliopoteza mbwa kwa namna hiyo.

Kuvuka naye mpaka

Hapa nina kosa jingine la kuungama. Rafiki yangu wa upande wa pili alinialika kwake Jumapili, ana shamba lenye kijito. Nilimpakia Askari kwenye pikapu pamoja na watoto. Wakati wa kwenda hakuna aliyeuliza, nami sikuuliza. Wakati wa kurudi niliulizwa. Nilikuwa na kadi ya chanjo tu. Afisa hakunidhulumu, alinieleza sheria: kurudi nyumbani na mbwa ni kuingiza mnyama nchini. Askari alibaki kwa rafiki yangu wiki tatu mpaka karatasi zilipokamilika. Wiki hizo tatu nililala stoo mimi mwenyewe.

Sisi wenye biashara ndogo tumezoea utaratibu rahisi wa Jumuiya, ule wa cheti cha uasili kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Mnyama hai si robota la nguo. Hupitia dawati la daktari wa mifugo. Kwa kawaida unatakiwa kuwa na karatasi tatu: kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa ambayo muda wake haujaisha, cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali, na kibali cha kumwingiza kinachotolewa na mamlaka ya nchi unayokwenda. Kumbuka kuandaa vya kwenda na vya kurudi. Chanjo ya juzi haikubaliki, kwa kuwa mwili huhitaji wiki tatu hadi nne kujenga kinga. Kwa hiyo kama unataka kusafiri naye likizo ijayo, anza mwezi mmoja na nusu kabla, na uulize ofisi ya mifugo ya pande zote mbili kwa kuwa masharti hutofautiana.

Njia za panya nazo zipo, sote tunazijua. Lakini mbwa aliyepitishwa huko na kichaa chake ndiye atakayemwuma mtoto wa mteja wako.

Michezo ya nyumbani

Kama mzigo umekubana na huwezi kutoka, kuna michezo isiyo na gharama. Jaza beseni maji, tia vipande vya ugali mkavu vielee, mwache avitafute kwa mdomo. Funga fundo kwenye kamba kuukuu ya robota, mvutane. Ficha dagaa chini ya makopo matatu, anuse yuko wapi. Mfundishe kuketi ukisema neno moja tu, kila siku dakika 5, na umpe kitu akitii. Wanangu walimfundisha Askari kungoja langoni mpaka aitwe. Leo lango likisahauliwa wazi, hatoki.

Waelekeze watoto nao: wasimsumbue mbwa anapokula au kulala, wasikimbie wakipiga kelele mbele ya mbwa wasiyemjua, wamwombe mwenyewe ruhusa kabla ya kumgusa.

Askari sasa anatembea kila asubuhi, kabla ya malori. Usiku bado anabweka, lakini habweki hovyo. Majirani wanasema akibweka wanajua kuna jambo. Yule kijana wa mkokoteni bado anatuletea mzigo. Hamgusi Askari, na simlaumu. Kovu liko mguuni mwake, si mwangu. Ila akifika langoni humwita kwa jina, mbwa anaketi chini na kungoja, naye anapita na mzigo wake.